Bima ya mkopo si bima ya duka: jibu kwa dada wa Ifakara

Swali lenyewe nimelifupisha, ila maneno ni ya mwulizaji:

"Habari za kazi mtaalamu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Ifakara. Masika iliyopita maji ya mto Lumemo yaliingia dukani yakafika kiunoni. Mifuko 310 ya saruji imeganda, rangi na misumari imeharibika, hasara yote kama milioni 14. Nina mkopo benki, na siku ya kuuchukua walinikata hela ya bima. Nilipoenda kudai nikaambiwa bima ile haihusu mafuriko. Serikali ilituletea unga, maharage, mablanketi na magodoro, mwenyekiti wa mtaa akaandika majina, tangu hapo kimya. Mpunga wangu ekari nne nao umesombwa. Nani anatakiwa kunifidia? Na mwaka huu nikate bima gani, au bima ni wizi tu?"

Dada yangu, pole sana. Nimefanya kazi ya kukadiria hasara kwa miaka mingi, na saruji iliyolowa naijua. Mfuko unakuwa jiwe lenye umbo la mfuko, hata karatasi haibanduki. Bidhaa nyingine unaweza kuziosha, ukazianika na kuziuza kwa bei ya hasara. Saruji haina hiyo nafasi ya pili.

Nianze na jibu lenyewe ili nisikuzungushe. Kwa ulivyoeleza, inawezekana kabisa hakuna mtu wala ofisi inayolazimika kisheria kukulipa hizo milioni 14. Najua ni neno chungu. Lakini usilikubali kabla hujaipata barua ya mkopo wako na kuisoma ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu hapo ndipo penye mlango mmoja ambao huenda bado uko wazi.

Ile hela uliyokatwa siku ya mkopo, kwa wakopaji wengi, ni bima ya maisha ya mkopaji. Ukifariki, au ukipata ulemavu wa kudumu, kampuni ya bima inalimalizia benki deni na watoto wako hawadaiwi. Ni bima nzuri, sina ugomvi nayo. Ila inamkinga mkopaji asiache deni, na inailinda benki isipoteze fedha zake. Duka halimo. Tatizo ni kwamba pale dirishani mtu anaambiwa "tunakata na bima" basi, anaondoka akiamini kwamba kila kitu chake sasa kina bima. Nimekutana na wenye maduka, mabucha na mashine za kukoboa wenye imani hiyohiyo, na wote waliujua ukweli siku ile maji yameshaingia.

Sasa mlango niliousema. Baadhi ya mikopo, hasa ile ambayo dhamana yake ni bidhaa au jengo, inakuwa na bima ya pili, yaani bima ya moto kwa ile dhamana. Katika barua ya mkopo tafuta palipoandikwa makato, uone bima ni moja au mbili. Kama ni mbili, iombe benki nakala ya hati ya ile ya pili. Usikubali kuonyeshwa tu juujuu. Ada umeilipa wewe, una haki ya kujua ulilipia nini. Humo tafuta maneno "mafuriko", "dhoruba" na "maji". Ujue pia kwamba katika hati za namna hiyo benki ndiyo huandikwa mnufaika wa kwanza, kwa hiyo fidia ikipatikana itapunguza deni kwanza kabla ya kukufikia mkononi. Kwako hata hilo ni nafuu kubwa.

Na kama bima ile ya moto ipo lakini neno mafuriko halimo? Hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Bima ya moto ya kawaida inakinga moto, radi, na aina fulani za mlipuko. Mafuriko, dhoruba, tetemeko na maporomoko ya ardhi huongezwa kwa kiambatisho, na kila kimoja kinaweza kuongezwa au kuachwa peke yake. Niliwahi kuingia kwenye ghala la mahindi Kilosa baada ya mafuriko. Mstari wa tope ukutani ulikuwa umenifika kifuani, magunia ya chini yameshaanza kuota. Mwenye ghala alikuwa ameilipa bima yake miaka sita bila kuchelewa, na alinikabidhi hati ikiwa kwenye mfuko wa plastiki, safi kabisa. Ndicho kitu alichokiokoa kwanza. Neno mafuriko lilikuwemo. Lilikuwa kwenye orodha ya mambo ambayo kampuni haitawajibika nayo. Wakala aliyemuuzia alimwambia bima inakava kila kitu, na yeye, kama mtu yeyote, alimwamini mtu kuliko karatasi ya Kiingereza yenye herufi ndogo. Siku ile niliandika taarifa ya kumnyima, kwa sababu ndivyo mkataba ulivyosema. Mpaka leo naamini aliyestahili kuulizwa maswali ni yule wakala, na hakuulizwa.

Maneno yana uzito kiasi hiki. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe viliteremka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu wasiopungua 80 walikufa. Kwa aliyeyaona, kulikuwa na maji, kulikuwa na udongo, vyote pamoja. Kwa mkataba wa bima, mwenye duka aliyekingwa dhidi ya mafuriko pekee anaweza kuambiwa kilichomkuta ni maporomoko ya ardhi, na maporomoko hayakulipiwa ada. Hapo hoja inayobishaniwa ni ipi ilikuwa sababu halisi ya hasara. Kwa hiyo mtu anayeishi chini ya mlima asiridhike na neno moja. Aombe yote mawili. Wewe uko bondeni, adui yako ni mto, lakini hakikisha "mafuriko" katika hati yako yanahusu mto kutoka kingo zake na pia maji ya mvua yanayotuama. Yapo maandishi yanayohusu kimoja tu.

Sasa tuje kwa serikali, maana nasikia uchungu katika lile neno "kimya".

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa hadi taifa, na uratibu uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Majina aliyoandika mwenyekiti wenu yanatakiwa kupanda ngazi hizo: kata, wilaya, mkoa. Kazi ya mfumo huu ni kuokoa watu, kuwalisha, kuwapa pa kulala, kisha kurudisha barabara, madaraja, shule na zahanati. Ule unga na magodoro ndiyo mfumo ukifanya kazi yake. Haukuundwa kurudisha mtaji wa mfanyabiashara.

Ninyi mnaoishi bonde la Kilombero mnajua tofauti hii kuliko watu wa Dar es Salaam, kwa sababu mna tembo. Tembo akila shamba, kinachotolewa na serikali kinaitwa kifuta jasho. Akiua mtu, kinaitwa kifuta machozi. Aliyeyachagua majina hayo alikuwa mkweli. Fidia ni ya kurudisha kilichopotea. Kifuta machozi kinafuta machozi tu. Msaada wa mafuriko uko kwenye kapu hilohilo hata kama hauna jina hilo.

Na kwa sababu ni msaada, kiasi chake kinategemea uamuzi wa wakati ule. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilibomoa maelfu ya nyumba Bukoba na wilaya za jirani. Michango ilikusanywa nchi nzima. Januari 2017 Rais Magufuli alipofika huko aliwaeleza wananchi wazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba, kila mmoja ajenge yake. Nguvu ikaenda kwenye majengo ya umma, Shule ya Sekondari Ihungo ikiwa mojawapo iliyojengwa upya. Miaka saba baadaye, Hanang, serikali iliwajengea waathirika nyumba zaidi ya 100. Nchi ni moja, msiba unafanana, maamuzi mawili tofauti. Simlaumu mtu hapa. Nakuonyesha kwamba hata mtu aliyeandikwa jina vizuri kabisa hana mahali pa kwenda kudai nyumba kama haki iliyoandikwa. Kwa majirani zetu hali ni hiyo pia: Mei 2024, baada ya mafuriko ya Nairobi, Rais Ruto aliwaahidi wakazi wa Mathare waliobomolewa nyumba kando ya mto shilingi 10,000 za Kenya kwa kaya. Inasaidia kulipa kodi ya chumba mwezi au miwili. Duka haliinuki nayo.

Hata hivyo, nenda kwa mtendaji wa kata ukaulize kama jina lako limefika wilayani, na kama limeandikwa kwa makazi tu au na biashara pia. Omba barua inayothibitisha kwamba duka lako liliathirika na tarehe yake. Barua hiyo haina hela ndani yake, lakini ina kazi mbili. Ya kwanza ni benki: andika kwa maandishi kuomba marejesho yapangwe upya, ambatisha barua ya kata na picha. Fanya hivyo mapema, kabla hujaanza kuchelewesha rejesho, kwa sababu mteja anayekuja mwenyewe na mteja anayetafutwa hawapokelewi sawa. Ya pili ni TRA, yaani Mamlaka ya Mapato: kama unalipa kodi kwa makadirio, mauzo yako ya mwaka huu si yale uliyokadiriwa, na unaruhusiwa kuomba makadirio yarekebishwe. Wafanyabiashara wengi wanabeba hasara ya mafuriko na kuendelea kulipa kodi ya duka lililojaa.

Umeuliza kama bima ni wizi. Nakuelewa. Nijibu kwa kitu unachokijua, kikoba. Bila shaka uko kwenye kikundi kimoja au viwili, na mna mfuko wa jamii: mtu akifiwa, mnatoa. Unafanya kazi vizuri sana kwa sababu hamfiwi wote siku moja. Ishirini na tisa wanamshika mkono mmoja. Sasa kumbuka wiki ile ya mafuriko. Kikundi kizima kililowa. Aliyetakiwa kuchangia naye alikuwa juu ya paa la jirani. Mfuko uliotosha kwa msiba mmoja haukuweza kutosha misiba thelathini ya asubuhi moja, na sidhani kama mweka hazina alikuwa na la kufanya.

Maafa ya asili yako hivyo, yanampiga kila mtu wa eneo moja kwa wakati mmoja, na ndiyo maana yanahitaji mfuko ambao wachangiaji wake wako mbali. Kampuni ya bima inayokinga maduka ya Ifakara inakusanya pia ada kutoka Mtwara, Mwanza na Arusha, na yenyewe inakatia bima sehemu ya mzigo wake kwa makampuni makubwa zaidi ya ndani na nje ya nchi, ndiyo inayoitwa bima mtawanyo. Ukilipa ada, unajiunga na kikoba ambacho wanachama wake hawako kwenye bonde lako. Hilo hakuna kikundi cha mtaani kinachoweza kukupa, hata kiwe na viongozi waaminifu namna gani.

Hata nchi zinafanya hivyo. Umoja wa Afrika uliunda mwaka 2012 taasisi iitwayo African Risk Capacity, ambako serikali hulipa ada na kukingwa dhidi ya ukame na majanga mengine. Mwaka 2015 Senegal, Niger na Mauritania zililipwa zaidi ya dola milioni 26 baada ya mvua kukosekana. Lakini nataka uijue na habari ya Malawi, kwa sababu inahusu mpunga wako. Msimu wa 2015/16 Malawi ilikumbwa na ukame mkali, mamilioni ya watu wakahitaji chakula, na serikali ilikuwa imelipa ada yake. Mfumo wa kompyuta uliotumika kupima ukame ukasema hali si mbaya kiasi cha kulipa. Ulipochunguzwa, ilionekana umehesabu mahindi ya muda mrefu, wakati wakulima wengi walikuwa wamehamia mbegu ya muda mfupi. Ukarekebishwa, na Malawi ikalipwa dola milioni 8.1, miezi mingi baada ya njaa kuanza.

Bima nyingi za mazao zinazouzwa kwa wakulima wadogo zinafanya kazi kwa njia hiyohiyo. Hakuna mtu anayekuja kuhesabu mashina yako. Setilaiti au kituo cha mvua kinapima eneo zima, na kipimo kikivuka kiwango kilichokubaliwa, wote wanalipwa. Faida yake ni kwamba ada inakuwa ndogo na malipo hayana mzunguko. Huko Marsabit, Kenya, tangu 2010 wafugaji wamekatiwa mifugo yao bima inayopima ukijani wa malisho kutoka angani, na baadaye ikabadilishwa ilipe mapema, mtu anunue majani ng'ombe akiwa bado hai. Kasoro yake ni ile ya Malawi: kipimo kinaweza kusema eneo liko salama wakati shamba lako liko chini ya maji. Tena nyingi zimetungwa kwa ajili ya ukame. Kwa hiyo utakapokuta wakala anauza bima ya mpunga, swali lako la kwanza liwe hili: inalipa kwa ukame peke yake, au na maji kuzidi? Tanzania sasa kuna muungano wa makampuni ya bima kwa ajili ya kilimo, ulianza 2023, kwa hiyo pa kuuliza papo. Usinunue ya ukame ukalime kando ya Lumemo.

Sasa duka, mwaka huu. Omba bima ya moto yenye kiambatisho cha mafuriko, na uikate kabla mawingu hayajakusanyika, Novemba au Desemba si Machi. Kampuni zinaangalia mahali ulipo. Duka ambalo limeshaingiwa maji linaweza kutozwa zaidi, kuwekewa masharti, au kukataliwa. Ukikataliwa na moja, nenda kwa dalali wa bima badala ya wakala, kwa sababu dalali anakutafutia kwenye makampuni kadhaa, wakala anauza ya kampuni anayoiwakilisha. Na usifiche kwamba ulishafurikiwa. Ukiulizwa ukadanganya, umewapa sababu ya kukunyima siku ya madai.

Kiasi cha bima ndicho kinachowaponza hata wale waliochagua bima sahihi. Mtu ana bidhaa za milioni 40, anakata bima ya milioni 20 ili ada iwe ndogo, akiwaza kwamba hasara haitazidi hapo. Kisha inatokea hasara kama yako, milioni 14, anatarajia milioni 14 kamili. Hazipati. Mkataba unasema umekinga nusu ya mali, basi na hasara utalipwa nusu, milioni 7. Halafu kuna sehemu ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe. Ikiwa ni asilimia 10 ya fidia, inatoka laki saba, anabaki na milioni 6.3. Hajaibiwa, ila hakuna aliyemfafanulia. Kata kwa thamani kamili ya bidhaa za msimu ambao duka limejaa zaidi.

Thamani hiyo lazima uweze kuithibitisha. Weka daftari la bidhaa, na kila mwisho wa mwezi lipige picha ukurasa kwa ukurasa, piga picha na rafu, kisha mtumie mtu wa nje ya Ifakara kwa WhatsApp. Daftari linalowekwa chini ya kaunta linazama pamoja na duka. Ada ilipe kwa namba ya malipo au akaunti ya kampuni yenyewe, kamwe si mkononi mwa mtu, na kabla ya kuondoka hakiki hati yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwani hati za kughushi zipo na bila ada kufika kampuni hakuna bima. Ukinyimwa madai na huridhiki, malalamiko yanapokelewa TIRA na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huhitaji wakili kuanzia hapo.

Gari la kubebea mizigo kama unalo, bima ndogo, ile ya kumlipa mtu mwingine uliyemdhuru, hailipi maji. Bima kubwa, inayokinga na gari lako lenyewe, mara nyingi inalipa, lakini usome.

Kuna jambo moja la mbao na misumari ambalo ningelifanya wiki hii kabla ya bima yoyote. Maji yalifika kiunoni. Pandisha saruji kwenye chaga iliyo juu ya alama ya maji iliyobaki ukutani. Nondo na mabati viwe chini, kutu inasuguliwa. Alama ile usiipake rangi. Mthamini wa bima akija kukagua duka kabla ya kukupa hati, mwonyeshe alama, kisha mwonyeshe chaga. Nimekagua maduka mengi, na chaga ya namna hiyo iliwahi kunifanya nipendekeze likubaliwe duka ambalo ningelikataa.

Barua ya mkopo ukiipata, nitumie picha ya ukurasa wa makato na ule wa dhamana tu, majina na namba za akaunti uzifunike. Kama makato ya bima ni mawili, nitakuandikia barua ya madai tuipeleke pamoja.